Anayeomba chuo kwa mara ya pili: kamati zetu zimsaidieje?

Ifuatayo ni mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi mbele ya wajumbe wa Kamati za Elimu za sharika na wawakilishi wa wafadhili wa Mfuko wa Elimu. Tunaichapisha kwa ombi la wajumbe, ili isomwe pia na wale ambao hawakuweza kufika.



Awali ya yote tunamshukuru Mungu aliyetuwezesha kukutana tena. Aidha tunawashukuru ninyi mlioacha mashamba yenu katika majira haya ya kupalilia mkaja kukaa nasi. Tumepewa dakika arobaini, na tutajitahidi tusizipite.

Tumeombwa kuzungumzia maendeleo ya wanafunzi wanaofadhiliwa. Kwa kawaida katika mada ya namna hii tunawasomea orodha ya waliohitimu, mnapiga makofi, kisha tunakwenda kunywa chai. Leo tunaomba tuzungumze juu ya wale ambao majina yao hayamo katika orodha hiyo. Hao ni vijana waliopelekwa chuo, wakashindwa, wakarudi nyumbani, na sasa wanataka kuomba tena. Bila shaka kila mmoja wenu anamfahamu angalau mmoja. Vijana wenyewe wana neno lao, husema "amedisko". Neno ni fupi, lakini mzigo wake ni mkubwa.

Binti aliyekuja ofisini

Mwezi Juni mwaka 2023 alikuja ofisini kwetu binti mmoja kutoka moja ya sharika zetu. Jina lake hatutalitaja, na tunaomba wanaomfahamu nao wasilitaje. Mwaka 2021 alikuwa amepata nafasi ya kusomea shahada ya uhasibu. Usharika wake uliuza miti ya mbao ya shamba la kanisa ili kuchangia ada, Mfuko wetu ukaongeza nusu iliyobaki, akaenda. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza chuo kilimsitishia masomo.

Kwa utaratibu wetu, habari hiyo ilipotufikia tulimwandikia barua ya mistari miwili kwamba ufadhili wake umekoma. Jalada likafungwa.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Binti yule hakurudi nyumbani. Alibaki mjini, akapanga chumba na mwenzake, akauza vocha na maandazi. Kwa miezi minane mama yake alijua kwamba yuko mwaka wa pili, na kila alipopata fedha ya viazi alimtumia kidogo. Ndugu zetu, tusiharakishe kumhukumu. Fedha iliyompeleka chuo ilitangazwa kanisani Jumapili, na kila aliyetoa shilingi elfu moja alijiona ana haki ya kuuliza, "Mtoto wetu anaendeleaje?" Yeye alikuwa hana jibu la kuwapa watu mia mbili.

Alipofika kwetu alitaka barua ya utambulisho ili aombe chuo kingine. Alisema, "Shikamoo baba. Naomba mniandikie tu kwamba nilimaliza kidato cha sita. Huo si uongo." Tulipomhoji, tuligundua kwamba ushauri huo alipewa na mjumbe mmoja wa kamati ya usharika wake, kwa nia njema kabisa: aanze upya, ya zamani yasahaulike.

Tulikataa kuandika barua ile. Na tulikuwa tayari kumwambia aende zake. Kilichotuzuia ni kwamba tulilitafuta jalada lake ili tuandike kuwa amekataliwa, na ndani ya jalada tukakuta barua yake ya mwezi Novemba 2021, yenye muhuri wetu wa "imepokelewa". Aliandika kwamba chuo kimefunguliwa, hajasajiliwa kwa sababu ada haijafika, na asiyesajiliwa haruhusiwi kufanya majaribio. Barua ile ilikaa kwetu mwezi mzima bila kujibiwa. Ada tuliilipa wiki ya sita ya muhula.

Aliyeshindwa ameshindwa nini?

Tulimwomba atuletee taarifa ya matokeo yake, tukakaa naye mezani na kalamu. Tunaomba tuwaeleze tulichokiona, kwa sababu wajumbe wengi wa kamati hupokea neno "ameshindwa" bila kujua linapimwaje.

Katika vyuo vikuu vyetu vingi alama za somo hugawanywa sehemu mbili: 40 za majaribio na kazi za muhula, na 60 za mtihani wa mwisho. Daraja la kila somo hupewa pointi. A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, na E ni 0. Pointi hizo hupigiwa wastani kulingana na uzito wa kila somo, na wastani huo ndio wanaouita GPA.

Binti yetu alikuwa na masomo 10 yenye uzito sawa. Alipata C katika masomo 6, hizo ni pointi 12. Alipata B katika masomo 2, hizo ni pointi 6. Alipata E katika masomo 2, hesabu za biashara na takwimu. Jumla ni pointi 18, na ukigawanya kwa 10 unapata 1.8. Kwa kanuni ya chuo kile, aliyekuwa chini ya 2.0 hakupewa hata nafasi ya kurudia mitihani. Kwa hiyo mtu aliyefaulu masomo manane kati ya kumi alirudishwa nyumbani, na sisi tukamwandikia kana kwamba hakufaulu hata moja.

Je, makosa yote yalikuwa yetu? Hapana. Katika yale masomo mawili alikosa majaribio ya kwanza kwa sababu ya ada, hilo ni letu. Lakini muhula wa pili ada ilikuwa imelipwa, na alikiri kwamba baada ya kuona alama za kwanza aliogopa, akaacha kuhudhuria vipindi vya takwimu. Zaidi ya hayo, kidato cha nne alikuwa na D ya hisabati, na uhasibu hakuuchagua yeye. Uliandikwa kwenye fomu na mjomba wake, na kamati yetu ikapitisha bila kuuliza. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake.

Wengi wenu hamlijui hili

Ndugu wajumbe, tungeweza kusema haya kama watu wanaozungumzia watoto wa wenzao. Lakini sisi tunaozungumza nanyi leo tulisitishiwa masomo mwaka 2004, tukiwa mwaka wa kwanza. Tulirudi nyumbani tukafundisha kwa muda katika shule ya sekondari iliyokuwa na upungufu wa walimu. Mwaka 2006 tuliomba chuo kingine. Fomu iliuliza kama mwombaji amewahi kusajiliwa katika chuo chochote, tukaandika "hapana". Wiki ya tatu ya masomo tuliitwa ofisini, tukawekewa mbele yetu karatasi za chuo cha kwanza. Hatukuwa na la kusema. Tulirudi nyumbani mara ya pili, na safari hii haikuwa kwa sababu ya alama.

Mwaka 2007 tuliomba tena, tukaandika "ndiyo", tukaambatanisha matokeo mabaya na barua ya ukurasa mmoja. Tulipokelewa, tukahitimu mwaka 2010. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na sisi tulilia mara mbili kabla ya kuelewa. Ndiyo maana ile barua ya mistari miwili inatuuma. Aliyeitia sahihi alipaswa kujua zaidi.

Mambo ya kujua kabla ya kuomba tena

Tukiacha habari zetu, yako mambo ambayo kila kamati inapaswa kuyafahamu ili imshauri kijana vizuri.

Kwanza, tujue kilichomrudisha nyumbani. Kuahirisha masomo kwa ugonjwa, kusitishiwa kwa sababu ya ufaulu, na kufukuzwa kwa udanganyifu wa mtihani ni mambo matatu tofauti. Tusiyachanganye. Kijana alete barua ya chuo na taarifa ya matokeo, nasi tuzisome. Aidha, yule ambaye bado yuko chuoni na ameugua au hana ada, aombe kuahirisha masomo kabla ya mitihani. Wengi hukaa kimya wakitumaini mambo yatakwenda yenyewe, kumbe kuahirisha kwa kibali hakuachi doa lile linaloachwa na kusitishiwa. Na anayeona kwamba matokeo yana kosa, akate rufaa ndani ya muda uliowekwa na chuo chake.

Pili, kuficha hakusaidii. Mwombaji wa shahada hutambuliwa kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, na namba hiyo haibadiliki. Kuanzia mwaka 2010 maombi yalipitia mfumo wa pamoja wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Tangu mwaka 2017 waombaji hupeleka maombi moja kwa moja vyuoni, lakini vyuo hupeleka majina TCU kwa uhakiki. Aliyewahi kusajiliwa anaonekana. Basi kamati inayomwambia kijana "anza upya, usiseme" inamtegea mtego bila kukusudia.

Tatu, njia ni zaidi ya moja. Kwa aliyemaliza kidato cha sita kuanzia mwaka 2016, kiwango cha chini cha kuingia shahada ni ufaulu mkuu wa masomo mawili wenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Zipo shahada zinazodai zaidi ya hapo. Cheti hicho cha kidato cha sita hakifutwi na matokeo mabaya ya chuo, isipokuwa kijana ajiandae kuanza mwaka wa kwanza. Njia nyingine ni stashahada. Mwenye stashahada ya GPA isiyopungua 3.0 na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne anaweza kuomba shahada. Kwa mtu ambaye msingi wake ulikuwa dhaifu, ngazi hii si aibu, ni mahali pa kukanyaga. Tena kipo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, chenye vituo mikoani, ambako mtu husoma huku akiendelea na kazi yake.

Nne, tuangalie deni. Aliyekuwa na mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hawezi kujifanya hakukopa. Miongozo ya Bodi ya miaka ya karibuni imemtaka aliyekopeshwa akaacha masomo awe amerejesha angalau asilimia 25 ya alichokopa kabla ya kuomba upya. Miongozo hutolewa kila mwaka, hivyo kamati isome ule wa mwaka husika kabla ya kumpa kijana matumaini.

Tano, barua ya maelezo. Hii ndiyo sehemu ambayo vijana wengi hukosea. Wengine huandika kurasa nne za kulia. Wengine hulaumu walimu. Barua nzuri inajibu maswali matatu tu. Nini kilitokea? Mimi nilichangia nini? Na tangu wakati ule nini kimebadilika? Swali la tatu ndilo zito kuliko yote. Kusema "nitajitahidi" si badiliko. Badiliko ni kitu kinachoweza kuonekana. Amebadilisha kozi, amepona na ana cheti cha daktari, amerudia somo la hisabati, amefanya kazi mwaka mmoja na mwajiri wake anaweza kuthibitisha, au ada yake safari hii ipo kabla chuo hakijafunguliwa.

Tulivyofanya na binti yule

Tuliandika barua ya utambulisho, lakini si ile aliyoiomba. Tulieleza kwamba alisoma, kwamba alisitishiwa, na kwamba ada yake ilichelewa kwa uzembe wa ofisi yetu. Kuandika sentensi hiyo ya mwisho kulituchukua siku mbili na vikao viwili. Baadhi yetu tuliona kwamba tunajivunjia heshima. Lakini tulijiuliza, tutamtakaje binti wa miaka ishirini na miwili aandike kosa lake ikiwa sisi watu wazima hatuwezi kuandika la kwetu?

Kabla ya barua kutumwa tulimtaka afanye jambo moja, aende nyumbani amwambie mama yake. Tulimsindikiza na Mchungaji wake. Hatutasimulia yaliyosemwa jikoni mle. Itoshe kusema kwamba mama alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza kama mtoto amekula.

Mwaka huohuo wa 2023 binti alipokelewa katika chuo kingine, mwaka wa kwanza, shahada ya maendeleo ya jamii. Hiyo aliichagua mwenyewe. Takwimu zimo huko pia, na mwaka wa kwanza alipata sapu ya somo hilohilo. Safari hii hakukimbia. Alitupigia simu siku matokeo yalipotoka, akarudia mtihani, akapata C. Sasa yuko mwaka wa tatu. Hatuwezi kuwaahidi kwamba atahitimu, hiyo ni kazi yake. Tunachoweza kusema ni kwamba ada yake haijachelewa tena hata siku moja.

Maombi yetu kwenu

Tukihitimisha, tunaleta mapendekezo manne yatakayopelekwa Halmashauri Kuu, na tunaomba myajadili kwa uhuru.

La kwanza, asisitishiwe ufadhili mwanafunzi yeyote kabla kamati ya usharika wake haijakaa naye na kusoma matokeo yake somo kwa somo.

La pili, Mfuko umsaidie mara moja zaidi yule anayeomba upya, kwa masharti. Aeleze ukweli kwa maandishi, familia ichangie sehemu yake kadiri ya uwezo, na fedha itolewe muhula kwa muhula baada ya kuonyesha matokeo. Atakayeshindwa tena tutamsaidia kutafuta ufundi au kazi, lakini si ada ya tatu. Tunajua kwamba wapo vijana kumi wanaosubiri nafasi ya kwanza, na fedha ni ileile. Ndiyo maana tunasema mara moja, wala hatusemi milele.

La tatu, fedha ya muhula iwe benki mwezi mmoja kabla ya vyuo kufunguliwa. Hapa tunawaomba wafadhili wetu kwa unyenyekevu. Ahadi inayotimizwa mwezi Januari ni ahadi njema, lakini jaribio la kwanza huwa limekwisha kufanyika. Kama fedha haiwezi kuwahi, tuambieni mapema ili sharika zikope kwenye SACCOS.

La nne linatuhusu sisi wa ofisini. Kwa miaka mingi taarifa tulizowatumia zimekuwa na safu ya waliohitimu na safu ya wanaoendelea. Waliosimama njiani hatukuwaandika, kwa kuogopa kwamba mtapunguza michango. Kuanzia taarifa ijayo kutakuwa na safu ya tatu, yenye idadi yao na sababu. Mtatusamehe ikiwa mwanzoni itakuwa ndefu.

Ndugu wapendwa, mnaukumbuka mfano wa mtini usiozaa. Mtunza shamba aliuombea mwaka mmoja zaidi, lakini hakuomba mwaka mtupu. Aliahidi kuupalilia na kuutilia mbolea, na alikubali kwamba usipozaa baada ya hapo utakatwa. Sisi tumekuwa watu wa shoka tu. Na wengine wetu, kwa huruma, tumekuwa watu wa kuomba mwaka mwingine bila jembe. Kijana anayeomba chuo kwa mara ya pili anahitaji mwaka wenye jembe ndani yake.

Mkirudi nyumbani, tunawaomba kila kamati imtafute kijana mmoja wa namna hii. Msimtangaze kanisani. Mwiteni, mpeni kiti, mwombeni awaonyeshe karatasi zake. Huenda mkakuta ndani yake na barua yenye muhuri wenu.